Metroni Aliyeshika Nusu ya Neno la Siri

“Na wewe, mashine hii itakunyima?”

Metroni aliniuliza hivyo mchana kweupe, katika chumba cha mikutano cha hospitali ya Migori, mbele ya Daktari mwenye hospitali, mhasibu, mtu wa stoo, na muuzaji wa kompyuta aliyetoka Nairobi. Nilikuwa na shahada mpya na mdomo ulionolewa chuo kikuu. Nilizoea kuuliza, sikuzoea kuulizwa. Nilitazama kioo cha kompyuta kana kwamba jibu lingejiandika lenyewe, kisha nikasema kitu kuhusu majukumu ya msimamizi wa mfumo. Halikuwa jibu. Yeye alijua, nami nilijua, na nadhani hata muuzaji alijua, maana aliinamisha uso na kuanza kupanga karatasi zake.

Kila mtu alimwita Metroni. Hata mumewe, aliyekuja kumchukua jioni kwa baiskeli, alisimama getini na kumwambia askari, “Niitie Metroni.” Alisimamia wauguzi wa Migori na wale wa tawi letu dogo la Homa Bay, ambako alikwenda kila Alhamisi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na viatu vyake vya raba havikutoa sauti. Funguo zake alizifunga ndani ya leso ili zisigongane. Ungekuwa unaongea koridoni, ugeuke, umkute nyuma yako amesimama, na ungeanza kupekua kichwani ulichokuwa umesema.

Alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, kwa sababu nimekuja kuona kwamba uoga wake ulikuwa kazi, na aliifanya kwa bidii kuliko wengine walivyofanya kazi zao. Radi ikinguruma aliingiza mikasi yote kwenye droo. Hakukaa na mgongo wake ukielekea mlango. Karatasi za kaboni zilizotumika kuandikia barua za rufaa alizikusanya na kuzichoma mwenyewe nyuma ya jiko, akikoroga majivu kwa kijiti mpaka hakuna herufi iliyobaki. Siku moja nilimuuliza anaogopa nani hasa, wachawi au polisi.

“Naogopa watu wanaopendana,” alisema. “Adui hataki kujua habari zako, nyathina. Anayetaka kujua ni ndugu.”

Alikuwa akiniita nyathina, mwanangu, hata aliponikasirikia. Hilo nalo lilinikera. Sikuwa mtoto wake.

Kwenye benchi la wagonjwa hakuita jina la mtu. Hospitali nyingine, karani alisimama mlangoni na kupaza sauti, na benchi lote likajua fulani binti fulani ameingia chumba gani. Metroni alikwenda mwenyewe akamgusa mtu bega. Kama benchi lilijaa alisema, “Wewe wa sweta ya kijani,” au, “Mzee wa kofia.” Wagonjwa wengine walichukia. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwa sauti kwamba yeye ana jina, alibatizwa, si kofia.

“Jina lako zuri, baba,” Metroni alimjibu. “Ndiyo maana silitumii ovyo.”

Benchi likacheka, na mzee akainuka akicheka pia. Lakini niliona mama mmoja mwembamba pembeni ambaye hakucheka. Alikuwa amejifunika leso mpaka puani, na macho yake yalimfuata Metroni kama mtu aliye ndani ya maji anavyofuata kamba.

Miaka hiyo ya tisini watu waliogopa. Kila wiki jeneza lilipita, na waliobaki walihesabu dalili kwa macho: nani amekonda, nani anakohoa, nani amenyolewa nywele zikawa hazioti vizuri. Mwalimu wa kike kutoka upande wa Kegonga aliwahi kukuta sufuria zake nje ya nyumba ya mumewe, kwa sababu karani wa zahanati fulani alikuwa na dada aliyeolewa boma la jirani. Kadi ya mwalimu ilikuwa imelala mezani dakika chache tu. Metroni alikisimulia kisa hicho bila kutaja jina la zahanati, la mwalimu, wala la boma, hata nikamwambia kisa kisicho na mtu ndani yake si kisa. Akasema hivyo ndivyo visa vyote vinavyopaswa kuwa.

Tabia yake iliyoniudhi kuliko zote ilikuwa sokoni. Kwetu kumpita mtu unayemjua bila salamu ni sawa na kutema mate njiani pake. Unasimama, unauliza nyumba, watoto, ng’ombe, mvua, ndipo unakwenda. Metroni hakumsalimu mtu. Alipita katikati ya soko la Migori na kikapu chake akitazama mbele kama askari wa gwaride. Watu walisema anajiona. Wengine walisema mshahara wa hospitali unamvimbisha kichwa.

Mama yangu aliuza maandazi na uji pale karibu na stendi. Makarani, makondakta na wanafunzi walikula kutoka mikononi mwake tangu nikiwa mdogo, na ni maandazi hayo yaliyonisomesha. Nilipoanza kazi hospitalini nilipita asubuhi kunywa uji, na karibu kila siku nilimwona Metroni akija, akitufikia, akipita. Hakununua andazi. Hakusema hata “amosi,” nakusalimu. Jicho lake liliteleza juu ya mama kama juu ya nguzo ya umeme.

“Mama, huyu mwanamke umemkosea nini?”

“Nani?”

“Metroni. Kila siku anakupita hivyo.”

“Kila mtu na mwendo wake,” mama alisema, akigeuza maandazi. “Kunywa uji, utachelewa.”

“Mimi ni mfanyakazi mwenzake. Angalau kwa ajili yangu angesalimia.”

“Na wewe unataka salamu za nini? Zinajaza tumbo? Nipe hiyo sahani.”

Mama alikuwa hivyo, aliziba maswali kwa vyombo. Nilikuwa nimemuuliza tangu utotoni kwa nini anapanda gari mpaka Homa Bay kununua samaki, wakati samaki wanafika Migori kila siku. Alinijibu kwamba wa Homa Bay ni watamu. Nilikula samaki wa pande zote mbili na sikuonja tofauti, nikamwambia hivyo, akasema ulimi wangu umeharibiwa na vitabu.

Huyo Metroni aliyeogopa mikasi wakati wa radi ndiye aliyekwenda Kegonga siku barabara ilipokuwa mbaya. Kulikuwa na wizi wa ng’ombe na kulipiza kisasi, na dereva wa ambulensi aligoma, akasema yeye ana watoto. Kulikuwa na mwanamke huko aliyeshindwa kujifungua tangu jana yake. Metroni alipanda kiti cha mbele, akafunga mkanda, akamwambia dereva, “Na huyo naye anataka kuwa na watoto. Washa gari.” Dereva mwenyewe ndiye aliyetusimulia yaliyobaki. Wakati wa kurudi walisimamishwa na vijana wenye pinde waliokuwa wamelaza gogo barabarani. Kijana mmoja aliingiza kichwa dirishani.

“Mmebeba nani?”

“Mgonjwa,” Metroni alisema.

“Wa ukoo gani?”

“Ukoo wa wanaojifungua.”

“Nakuuliza vizuri, mama. Wa ukoo gani?”

“Nami nakujibu vizuri. Mama yako alikuwa wa ukoo huo huo siku ulipozaliwa. Toa gogo.”

 Dereva alisema yeye angetaja ukoo, angetaja hata baba wa mgonjwa na babu yake, ili mradi waachwe wapite. Kijana akawaambia wenzake waondoe gogo. Walipofika Migori, Metroni alishuka akatapika nyuma ya gari, akanawa uso, akaingia wodini.

Ndivyo alivyokuwa. Mwili wake hakuuogopea. Aliogopa neno kutoka mahali pake.

Sasa nirudi kwenye kompyuta. Daktari aliniajiri nichague na kusimamia mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa wa matawi yote mawili. Muuzaji aliuza mfumo wa msingi, na juu yake vipengele vya hiari, kila kimoja na bei yake, kama gari linalouzwa bila redio na bila tairi la akiba. Kulikuwa na kipengele cha kuunganisha matawi, ili kinachoandikwa Homa Bay kionekane Migori na cha huku kionekane kule. Kulikuwa na cha kuandika kila aliyefungua faili ya mgonjwa, hata kama hakubadilisha kitu. Kulikuwa na cha kumfungia kila mfanyakazi aone wagonjwa wake tu. Na kulikuwa na cha kuharakisha ripoti, ambacho mhasibu alikitamani kama nyama. Daktari alisema hospitali inamudu viwili. Tuchague.

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilitaka kuunganisha matawi, na kuharakisha ripoti ili mhasibu awe upande wangu. Nilikuwa na hoja. Mtu anaugua Homa Bay, anaanguka Migori, daktari wa Migori hajui lolote juu yake. Ujinga unaua. Niliuliza kila mtu, ni nani anayeweza kupinga kujua?

Kwa ajili ya majaribio tulikuwa tumeingiza kadi za kweli za matawi yote mawili. Hilo lilikuwa wazo la muuzaji na kila mtu alilikubali, isipokuwa Metroni aliyekuwa Homa Bay siku hiyo ya Alhamisi na hakuulizwa. Siku ya maonyesho muuzaji alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasema, “Haya, nipeni jina lolote. Lolote, msiogope.”

Mtu wa stoo alikuwa mcheshi wetu. Alikuwa na shemeji Homa Bay, mume wa dada yake, na utani wao ulijulikana na hospitali nzima. Kila mmoja akikutana na mwenzake ni matusi matamu na vicheko.

“Andika shemeji yangu,” alisema, akataja jina. “Tuone kama mashine inajua yeye ni mlevi.”

“Itatuonyesha mpaka bei ya pombe yake,” mhasibu akaongeza.

Tulicheka. Muuzaji akaandika. Kioo kikatulia kidogo, kisha maneno yakaja mstari kwa mstari: jina, kijiji, tarehe, wodi, na chini kabisa kifupisho cha ugonjwa, herufi chache ambazo mwaka ule hata mtoto wa darasa la tatu angezisoma.

Sijasahau jinsi vicheko vilivyokatika. Havikupungua polepole, vilikatwa kama uzi. Mtu wa stoo aliendelea kutabasamu kwa sababu uso wake haukujua la kufanya. Feni ilizunguka. Muuzaji, ambaye hakumjua shemeji wala dada, alinyoosha kidole kwa fahari, akasema, “Mnaona? Hata Homa Bay imeingia.”

“Zima hiyo kitu,” mtu wa stoo alisema taratibu.

Metroni alisimama nyuma, karibu na mlango. Nilipogeuka nilimwona amejiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba ni yeye aliyesema.

Kabla ya wiki kuisha mtu wa stoo alikwenda kumchukua dada yake na watoto. Hakuna aliyeweza kumlaumu, na hakuna aliyeweza kumsifu. Yule bwana alibaki peke yake. Ndugu zake wakamtengea sahani, kisha wakamtengea kikombe, kisha wakaacha kuvileta. Alikufa kabla ya mvua ndefu. Mimi, mwenye shahada, nilimwambia Metroni kwamba ugonjwa ule ungemuua tu, kwa hiyo hatuwezi kusema kompyuta ilibadilisha kitu.



“Lakini angekufa amelishwa,” alisema.

Ndipo ukaja mkutano wa kuchagua, ambao nimeuanza pale juu. Muuzaji alifika akiwa na kipengele kipya cha kututuliza: kugeuza maandishi yote ya kwenye diski kuwa mafumbo, ili mwizi akiiba kompyuta asisome kitu.

“Mwizi gani?” Metroni aliuliza.

“Yeyote, madam. Anavunja mlango, anabeba mashine…”

“Mwizi akibeba mashine ataiuza mpakani Sirare anunue pombe. Wizi ninaouogopa mimi hauvunji mlango. Unaingia na ufunguo uliopewa, asubuhi, umevaa yunifomu, unasema habari za kazi.”

Mhasibu alicheka, kisha akaacha. Metroni alitaka vipengele viwili: kila mtu aone wagonjwa wake tu, na kila anayefungua faili aandikwe. Matawi yasiunganishwe. Mimi nikasimama nikapinga. Nikasema tunajenga hospitali ya vipofu wawili. Nikasema siku moja mtu atakufa kwa sababu tawi hili halijui linachojua lile.

“Inawezekana,” alisema. “Nimeliogopa hilo pia. Lakini wanaokufa kwa kujulikana nimeshawaosha.”

“Mfanyakazi atafungiwa, sawa,” nikasema. “Mtu mmoja lazima aone yote ili mfumo uendeshwe. Ndiyo kazi yangu.”

Hapo ndipo alipouliza. “Na wewe, mashine hii itakunyima?”

Nilihisi joto la aibu, halafu hasira. Daktari alimwangalia Metroni, akaniangalia mimi, akapitisha vyote viwili alivyotaka Metroni. Juu ya hayo Metroni akaomba neno la siri la msimamizi ligawanywe. Nusu nitunge mimi, nusu atunge yeye, na hakuna atakayemwambia mwenzake.

Kwa hiyo kila nilipotaka kuingia ndani kabisa ya mfumo, nilimtuma mtu amwite. Alikuja na viatu vyake visivyosema, akasubiri niandike nusu yangu huku ameangalia ukutani, kisha akaniambia, “Geuka, nyathina.” Akafunika kibodi kwa aproni, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine. Halafu aliketi kando yangu mpaka nimalize, akimenya njugu na kuweka maganda mfukoni. Kama kazi ilikuwa ya rekodi za Homa Bay, zilizoletwa kwa diski kisha zikarudishwa, njugu aliziacha. Alisogeza kiti, akatazama kioo bila kupepesa, na mimi nikifanya kazi nikisikia pumzi yake sikioni. Nilijisikia kama mfungwa anayechungwa na bibi yake. Nilimwambia rafiki yangu kwamba mwanamke yule hakuwahi kumwamini msomi hata mmoja. Nilimwambia pia kwamba anatuchukia, mimi na mama yangu, na sijui tulimfanya nini.

Hoja yangu haikufa. Ilirudi na maiti.

Mwanamke mmoja kutoka Kosele, mgonjwa wetu wa Homa Bay, alikuja Migori kumtembelea dada yake akashikwa na homa kali. Aliletwa hajitambui. Mvua ilikuwa imekata simu tangu asubuhi. Faili yake ya Homa Bay ilisema kwa herufi kubwa kwamba asichomwe penisilini. Migori hatukuwa na herufi hizo. Alichomwa, akavimba, na pamoja na yote waliyoyafanya wauguzi, alikata roho kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Nilijua nilikuwa sahihi, na sijawahi kuchukia kuwa sahihi namna ile. Nilikaa ofisini nimeshika kichwa. Metroni aliingia, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

“Umeambiwa?”

“Nimeambiwa.”

“Usiniambie, ‘Nilikuonya.’”

“Sisemi kitu, Metroni.”

“Huyo nitamjibia mimi,” alisema. “Wewe uliongea. Ulinyimwa. Yule ni wangu.” Leso ya funguo ilikuwa ikilia mkononi mwake, na ndiyo mara ya pekee nilisikia funguo zake.

Siku zilizofuata aliogopa upande wa pili kwa nguvu ile ile. Alinunua uzi mwekundu dukani kwa Mwarabu wa pale mjini, akawafunga mkononi wagonjwa wote wenye kitu ambacho hawakupaswa kuchomwa, wa matawi yote mawili. Uzi usingesema jina la dawa wala la ugonjwa. Ungesema tu: uliza kwanza. Nilimsifu. Lakini hatukufikiria tunaishi wapi. Wachungaji walidhani ni hirizi, wakahubiri Jumapili juu ya watu wanaofungwa nyuzi hospitalini. Wengine wakasema uzi ni alama ya wale wa ugonjwa ule. Msichana mmoja akaachwa na mchumba wake kwa sababu tu hakupaswa kuchomwa penisilini. Metroni alizunguka Migori, Homa Bay mpaka vijijini, na mkasi wake, akikata nyuzi mkono kwa mkono na kuomba radhi bila kueleza anaomba kwa nini.

Baada ya hapo tuliketi wawili, na hiyo ndiyo kazi yetu pekee tuliyoifanya bila kugombana. Daktari alinunua kile kipengele cha kuunganisha matawi, na Metroni akaamua kitakachovuka: jina, kundi la damu, na kile kisichopaswa kuchomwa. Basi. Ugonjwa ubaki ulikoandikwa, na dawa zake zibaki huko huko. Nilijaribu kuongeza na orodha ya dawa anazotumia mgonjwa, nikasema zinasaidia.

“Dawa ni jina la ugonjwa lililovaa koti,” alisema. “Mwenye akili kama wewe atalivua. Hapana.”

“Kama ni mimi peke yangu ninayeona?”

“Hasa wewe.”

Nilitupa kalamu mezani. Aliiokota, akaiweka mbele yangu, akaondoka.

Alistaafu akarudi nyumbani kwake, karibu na Mbita. Nilihamia hospitali kubwa mji mwingine, na huko kila nilipokutana na muuzaji na orodha yake ya vipengele vya hiari nilijikuta nikiuliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zake: ni ndugu wa nani atakayekaa kwenye kiti hiki? Waliniona mtu mgumu.

Nilikwenda kumtembelea mara moja. Nilikuwa na maswali yangu, na la kwanza lilikuwa kwa nini alimpita mama yangu miaka yote ile. Mjukuu wake, mwanamke mzima, alinisimamisha kwenye ua.

“Bibi hapokei wageni siku hizi. Hasa wa hospitali.”

“Mwambie ni nyathina wa kompyuta.”

Metroni alikubali nimwone, lakini niliketi mbali naye, upande wa pili wa veranda, na redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa katikati yetu. Alikuwa amekonda. Macho yalinitambua, yakapotea, yakanitambua tena.

“Redio hiyo, Metroni, nikuzimie?”

“Iache. Ina kazi.” Alinikaribisha kwa mkono nisogee kidogo, si sana. “Akili yangu inalegea, nyathina. Asubuhi nilimwita huyu mtoto jina la mgonjwa. Jina lake lote, na la baba yake. Wamo humu wote. Migori wamo, Homa Bay wamo. Hakuna aliyeniwekea neno la siri.”

Niliona hofu usoni mwake ambayo sikuiona hata siku ya uzi. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.  Ningeuliza nini, na jibu lingekuja limebeba nani?

Tuliongea juu ya njugu na mvua. Nilipoinuka akainua mkono.

“Haya. Nenda salama. Msalimie…”

 Midomo ilibaki wazi. Niliona neno likifika kwenye meno yake, na nikaona akilishika, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayezuia mlango kwa bega.

“Nimsalimie nani, Metroni?”

“Msalimie yeyote utakayemkuta njiani,” alisema, akaongeza sauti ya redio.

Alipokufa nilimpigia mama simu kumpa habari tu, kwa kuwa hawakujuana. Mama alifunga kibanda chake kutwa nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku za ugonjwa, akapanda gari mpaka Mbita. Nilimkuta matangani amekaa chini na wanawake wa boma, analia kwa sauti. Jioni, tukiwa tumekaa pembeni na vikombe vya chai, nilimuuliza anamlilia nani, yule aliyempita kama nguzo?

Safari hii hakunipa sahani wala kikombe kunizibia mdomo. Aliniambia kwamba ana kifafa tangu kabla sijazaliwa, kwamba watu wa Migori wasingekula andazi hata moja kutoka mikononi mwake kama wangejua, na kwamba kila alipokwenda Homa Bay kununua samaki, ilikuwa Alhamisi.